DDJ-FLX4 na rekordbox kwa tech house: rivyu kutoka Nakuru, na hasa mambo ya kii na tempo

Nianze na jibu juu najua kuna wasee mko dukani saa hii mnasoma hii kwa simu: kama unataka kupiga tech house (hausi ya biti kavu na besi nzito) na uko na leptopu yenye inafanya kazi vizuri, DDJ-FLX4, hii kontrola ya DJ, nunua. Na rekordbox, ile programu ya DJ yenye unatumia nayo, inatosha kabisa kwa kupanga kii (zile noti ngoma imejengwa juu yake) na tempo (kasi), hauhitaji kukimbilia programu ingine ya kulipia. Lakini zile namba za kii zenye inakuonyesha kwa skrini usizichukue kama amri, na hapo ndio nitakaa sana, juu rivyu nyingi za hii kontrola zinaisha kwa taa na vitufe na hakuna mtu anakuambia inasaidia aje ukiwa katikati ya seti saa saba usiku na watu wameshika floo.

Kwanza nieleze mbona tech house, juu hapa Nakuru wengi wetu tumekulia mixx ya kukata haraka. Riddim, genge, bongo, amapiano, ngoma inapigwa verse moja na korasi alafu ingine inaingia, MC ako juu ya maiki, na hiyo ni sanaa yake na inataka mkono mwepesi sana. Kwa hiyo staili kii haikusumbui sana juu ngoma mbili zinakutana sekunde chache tu. Tech house haiendi hivyo. Ngoma moja inakaa juu ya ingine muda mrefu, na hebu piga hesabu: kwa BPM 126, yaani mapigo 126 kwa dakika, ba nane (ba moja ni mapigo manne) ni sekunde 15 na kitu, ba 16 ni nusu dakika, ba 32 ni dakika nzima. Dakika nzima ngoma mbili zinaongea pamoja kwa spika kubwa! Kama besi ya moja inaimba noti zenye haziskizani na za ingine, ata mtu hajui muziki kabisa atahisi kuna kitu haiko sawa, hatajua ni nini, ataenda tu kukaa ama kununua maji. Na hii muziki iko na watu wake huku, tangu Safari Rally irudi kwa ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kambi yake ikawa Naivasha, hapa hapa kaunti yetu, wikendi ya rally Vasha yote inakuwa ni spika na hao watu wanataka hausi ya kweli, kwa hivyo DJ wa Nakuru mwenye anajua kublend poa ako na kazi.

Sasa kontrola yenyewe. Ilitoka mwishoni mwa 2022 kama mrithi wa DDJ-400, chaneli mbili, pedi nane kila upande, feda za tempo (vitelezi vya kubadilisha kasi), EQ ya nobu tatu za besi, kati na juu kila chaneli na filta chini yake. Ni nyepesi, kilo mbili na kidogo, inaingia kwa begi ya mgongo na leptopu juu yake na bado unapanda matatu bila kulipia mzigo. Stima inavuta kutoka kwa leptopu kupitia waya wa USB, na hii kwetu ni kitu kubwa, juu stima ikipotea kontrola na leptopu zinaendelea tu, kama spika ziko kwa jenereta wewe hauanzi kuwasha mashine upya mbele ya watu. Visahani vyake ni vidogo, kwa kuscratch sana ungetaka kubwa zaidi, lakini kwa tech house kisahani kazi yake ni kusukuma ngoma mbele kidogo ama kuirudisha nyuma kidogo, na kwa hiyo iko sawa kabisa.

Kitu ya kujua kabla ulipe: sauti ya kutoka ni RCA peke yake, hakuna XLR (ile waya nene ya mikser kubwa), na hedifoni ni tundu dogo la 3.5. Kwa keja ama sherehe ndogo hiyo si neno. Kwa ukumbi mkubwa weka mikser ya msee wa sauti karibu na wewe, waya wa RCA usiwe mrefu, juu hiyo aina ya waya ikivutwa mbali inaokota mlio wa stima. Ongea na msee wa sauti mapema, umuulize ako na adapta gani.

Feda ya tempo ndio watu wanalalamika ni fupi, na ni kweli ni fupi, lakini dawa iko ndani ya rekordbox na wengi hawaigusi. Upana wa feda unabadilishwa: kuna asilimia 6, 10, 16 na ile pana zaidi. Ngoma ya 126 ukiwa kwa asilimia 16 feda inatembea kutoka karibu 106 hadi 146, yaani ukiigusa tu kidole kimeruka mbali. Weka 6, sasa inatembea kati ya 118.4 na 133.6 hivi, na ghafla ile feda fupi inakuwa na adabu. Tech house nyingi inakaa kati ya 122 na 130, na seti nyingi hazitoki nje ya 124 hadi 128, kwa hivyo asilimia 6 inakutosha usiku wote.

Tukifika kwa Sync, kile kitufe cha kulinganisha ngoma mbili chenyewe. Sijali wale wanasema ukitumia Sync wewe si DJ, wacha waseme. Sync inafanya BPM zifanane na inaweka mapigo yaangukie pamoja, lakini inafuata gridi, ile mistari ya mapigo yenye programu inachora juu ya ngoma, na gridi ikiwa imekaa vibaya Sync itakuwekea kiki mbili zenye zinapishana kidogo na itakuambia kwa skrini mambo yote ni safi. Pia Sync haijui frezi, yale mafungu ya ngoma ya mapigo 32 hivi. Inaeza kulinganisha pigo la kwanza la breki (pale madrum yanaondoka) na pigo la tano la dropu (pale yanarudi na besi) na haioni shida. Kuhesabu nne nne hadi 32 ni kazi yako na itabaki kuwa yako. Mimi nasema jifunze kubitmachi kwa masikio hata kama utatumia Sync baadaye, funika BPM kwa skrini, weka hedifoni sikio moja, skiza hai-hati na sio kiki, juu hai-hati ni kali na inaachilia siri haraka zaidi ikianza kupishana. Ikikimbia shika ukingo wa kisahani, ikichelewa isukume, alafu rekebisha feda. Siku gridi itakosea mbele ya watu hautashtuka.

Na gridi zinakosea zaidi kwa ngoma gani? Zile zilipigwa na bendi ya watu. Tech house yenyewe imetengenezwa kwa kompyuta, tempo haitingiziki kutoka mwanzo hadi mwisho, rekordbox inaisoma bila shida. Lakini ukitaka kutumia kipande cha benga ya zamani ama rhumba juu ya biti ya hausi, na hiyo ni kitu tamu sana ikifanywa vizuri, mpiga ngoma ni binadamu, anaharakisha kwa sebene na anapoa kwa kuimba. Kwa mipangilio ya kuanalaizi, yaani programu kuisoma ngoma, kuna njia mbili, Normal na Dynamic. Normal ni ya ngoma zenye tempo moja, Dynamic ni ya zile zenye inabadilika. Tech house weka Normal, ile benga ianalaizi peke yake kwa Dynamic, alafu angalia gridi kwa macho kabla ya kuitumia. Kingine, rekodi za zamani za bendi saa zingine hazikutyuniwa kwa ule mwinuko wa leo wa A kuwa 440, kwa hivyo hata kii sahihi inaeza kuwa imekaa katikati ya noti mbili. Hiyo hakuna namba itakuambia, ni sikio.

Haya, kii. Nenda kwa Preferences ubadilishe jinsi kii inaandikwa, kutoka ile ya kawaida ya Am na F#m hadi ile ya namba na herufi, hiyo ya mtindo wa Camelot. Namba 1 hadi 12 zimepangwa kama uso wa saa, A ni maina na B ni meja. 8A ni A maina, 9A ni E maina, 7A ni D maina, 8B ni C meja. Ngoma ya 8A inakubaliana na 8A mwenzake, 7A, 9A na 8B, na sababu si uchawi: A maina na E maina zinashea noti sita kati ya saba, tofauti ni F na F# peke yake. A maina na C meja zinashea zote saba. Ukiload ngoma, rekordbox inawasha kijani kii za ngoma zenye zinaskizana na hiyo yenye inacheza, kwa hivyo kwa giza la klabu unaangalia tu kijani, hauhitaji kukumbuka duara lote. Hii peke yake imenisaidia kuliko ile Smart Fader ya kuvuka ngoma yenyewe yenye wanaitangaza sana.

Lakini sasa skiza hapa vizuri.

Programu ya kutambua kii, hii na zile zingine zote, inasikiza noti zenye ziko kwa ngoma na inakisia ni kii gani inazifaa zaidi. Kwa ngoma ya rumba ama gospel yenye kodi zimejaa, kazi ni rahisi. Tech house iko na nini? Kiki, klepu, hai-hati, shekeri, besi ya noti mbili ama tatu, kipande cha sauti ya mtu anaongea, na stebu moja ya kinanda, yaani kodi fupi kali. Ushahidi ni kidogo sana. Besi ya noti mbili tu inaeza kukaa kwa kii nne tofauti bila kukosana na yoyote, kwa hivyo programu inachagua moja na inakupatia namba kwa uhakika ule ule inapatia wimbo wa kodi kumi. Makosa yenye inafanya sana ni ya karibu, inachanganya maina na meja yake, ama inaruka kwa namba jirani, na hayo hayaumizi juu bado uko kwa ujirani wa duara. Kosa baya ni ile ya kiki. Kiki ya tech house saa zingine imetyuniwa noti yake na ikiwa kubwa kuliko besi programu inasoma kiki, na hapo namba inaeza kuwa mbali kabisa.

Kwa hivyo njia yenye nimekaa nayo na naipendekeza kwa kila mtu: namba itumie kupunguza maktaba, usiitumie kuamua. Uko na ngoma 300, namba inakubakishia 40, hizo 40 sikio ndio lichague. Kuhakikisha ni rahisi, fungua kinanda chochote kwa simu, piga noti kwa besi ya ngoma hadi upate noti ya nyumbani, ile yenye ukiishikilia ngoma yote inatulia juu yake. Kama rekordbox imesema 8A na wewe nyumbani unapata D, badilisha hiyo tegi kwa mkono. Ni kazi ya jioni chache na soda, lakini maktaba yako itakuwa ya kuaminika na hiyo hainunuliwi.

Kitu cha pili, na hii naona hata wasee wa siku nyingi wanaisahau: kwa tech house vita ya kii iko kwa besi, na besi mbili hazifai kucheza pamoja hata zikiwa kii moja. Huko chini zinamezana, spika inatoa sauti ya tope. Ngoma mpya ingiza na LOW ya EQ imekatwa, acha hai-hati na shekeri zijizoeshe na watu, frezi ikiisha badilisha, LOW ya ya zamani chini, ya mpya juu, pigo moja. Ukifanya hivi utagundua kwamba kii haina kazi kubwa wakati wa intro ya madrum tupu, unaeza kublend 8A na 2A ba 16 na hakuna mtu atasikia kitu juu hakuna noti za kugongana. Kii inaanza kuwa muhimu sekunde ile stebu ama sauti ya ngoma ya zamani bado inaimba na besi ya mpya imeingia. Hapo ndio utumie zile kijani. Kwa hivyo angalia umbo la ngoma kwanza, kii baadaye.

Master Tempo nayo, ile MT kwa skrini. Ikiwa imezimwa, ukiongeza kasi sauti inapanda pia, kama santuri. Asilimia 6 hivi ni semitoni nzima, yaani hatua moja ya kinanda. Kutoka 124 hadi 126 ni asilimia 1.6, hiyo ni karibu robo ya semitoni, kidogo lakini kwa sauti ndefu ya mtu anaimba unaisikia ikisugua. Ikiwa imewashwa kii inabaki pale pale na ni kasi tu inabadilika, na kwa kupanga kii lazima iwe imewashwa, la sivyo ile 8A yako si 8A tena. Gharama yake ni kwamba programu inanyoosha sauti, na ukinyoosha sana kiki inapoteza ule mkwaju wake wa mbele, inakuwa laini. Kwa asilimia mbili tatu hausikii kitu. Kwa kumi unasikia, hasa kwa spika kubwa.

Na hii inanileta kwa shida yetu ya hapa, juu DJ wa Nakuru haanzi usiku na tech house, anapewa watu wenye wamecheza amapiano kutoka saa nne. Amapiano iko 112 hivi. Kutoka 112 hadi 126 ni asilimia 12 na nusu. Ukiivuta hiyo bila Master Tempo ngoma inapanda semitoni mbili, A maina inakuwa B maina, 8A imekuwa 10A na waimbaji wanasikika kama watoto. Ukiivuta na Master Tempo, madrum yanalegea. Hapa ndio Smart Fader inatakiwa isaidie, ukisogeza feda inabadilisha BPM, sauti na besi yenyewe polepole, na kwa mtu anaanza ni msaada mzuri kweli, anaeza kuvuka bila aibu. Lakini mimi kwa tech house besi yangu nataka kuishika mwenyewe, siwezi kuachia mashine ichague ni pigo gani inabadilisha. Napanda ngazi: amapiano ya mwisho kali, alafu afro house ya 118, ya 120, ya 122, kila moja nikiongeza tempo kidogo kidogo wakati wa breki ambapo madrum yameondoka na hakuna mtu anahesabu, na nikifika 124 watu wako ndani ya tech house na hawajui waliingia saa ngapi. Ngoma nne tano, dakika ishirini hivi. Kii nazo zipande na wewe, ngoma kwa ngoma namba moja mbele kwa duara, 5A, 6A, 7A, 8A.

Ukitaka kuamsha watu ghafla kuna mruko wa namba mbili, 8A hadi 10A, ambao ni toni nzima juu, ama namba saba, 8A hadi 3A, ambao ni semitoni moja juu. Hiyo inapandisha moto kabisa lakini usiiblend muda mrefu, hizo kii hazipendani. Fanya kwa madrum tupu, ama weka eko kwa ya zamani uikate. Na usifanye kila baada ya ngoma mbili, fanya mara moja moja.

Pedi za FLX4 ziko na Key Shift ukishika Shift, inabadilisha kii ya ngoma kwa semitoni papo hapo. Kwa ngoma yenye unaipenda na imekosa jirani kwa semitoni moja, ni dawa nzuri. Semitoni moja inasikika safi, mbili inaanza kubadilisha rangi ya sauti za watu, tatu wacha.

Kuhusu kukua na hii mashine, kitu yenye inanifurahisha zaidi ni kwamba maktaba unayopanga hapa haipotei. Gridi, hot cue (alama za kuruka ndani ya ngoma), kii, plelisti, zote zinatolewa kwa flashi na unaenda kuchomeka kwa CDJ, zile deki kubwa za klabu. CDJ za nexus na kuendelea zinaonyesha kii, na CDJ-3000 ya 2020 iko hata na Key Sync yake. Kwa hivyo ile jioni ya kurekebisha tegi keja kwako Section 58 ama Kiamunyi inakufuata hadi ukumbi mkubwa. Flashi ifomati FAT32 na beba mbili.

Nani asinunue: mtu anapiga deki nne, mtu wa kuscratch mashindano, na mtu ako na ukumbi wake tayari wenye unahitaji XLR na maiki mbili, huyo aende ngazi ya juu moja kwa moja. Pia inafanya kazi na Serato DJ Lite kama umezoea huko, lakini kwa hii kazi ya kii na flashi za klabu ningekaa rekordbox.

Bei siandiki juu inapanda na kushuka na dola, na kati ya maduka ya hapa tao na ya Nairobi tofauti inaeza kukulipia spika ndogo ya mazoezi. Ukienda kununua uliza waranti ni ya nani, ya duka ama ya kampuni, na uandikiwe kwa risiti. Ichomeke kwa leptopu yako mwenyewe hapo hapo kaunta, sogeza feda zote polepole uangalie kwa skrini kama zinaruka, bonyeza pedi zote 16, weka hedifoni uskize pande zote mbili. Kama muuzaji hataki uijaribu hapo, toka uende duka ingine. Na mwenye ako na swali la kurekebisha gridi ya benga aniulize hapo chini, hiyo naeza kuieleza usiku kucha.